Kwa nini albamu ya Mali na Kuba inasikika kama ya kwetu Lubumbashi?

Jumamosi moja nilipanda taksi-basi kutoka mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, kwenda mjini. Shofere alikuwa amechomeka flashi yenye muziki nisioujua: gitaa la Kilatini, balafoni, ile marimba ya Afrika Magharibi, ikirukaruka juu yake, na sauti isiyoimba Kilingala wala Kiswahili. Nyuma yangu mama mwenye kapu la lengalenga alikuwa ameshaanza kutikisa bega.

"Papa, hii muziki ni ya wapi?"

"Sijue, yaya. Ile njo rumba ya wazee."

Haikuwa rumba ya wazee. Ilikuwa AfroCubism, albamu ya mwaka 2010, ambamo Eliades Ochoa wa Kuba na gitaa lake la nyuzi nane anapiga pamoja na Wamali: Toumani Diabaté kwenye kora, kinubi cha Afrika Magharibi, Djelimady Tounkara kwenye gitaa. Wanamuziki wa Kuba na wa Mali walipangiwa kukutana Havana tangu 1996. Wamali hawakufika, studio ilikuwa imeshalipiwa, basi Wakuba wakarekodi kitu kingine, ndiyo albamu ya Buena Vista Social Club iliyopendwa dunia nzima. AfroCubism, mtoto aliyetungwa kwanza, akazaliwa zaidi ya miaka kumi baada ya mdogo wake.

Sasa, bega la yule mama lilijuaje?

Piga makofi hivi: pa… pa… pa…, pa-pa. Matatu ya kujivuta, mawili ya kufuatana, kisha unarudia. Wakuba wanauita mpigo huo clave na wanaugonga kwa vijiti viwili. Ndugu zake wamejaa kwenye ngoma za Afrika Magharibi na ya Kati. Mpigo huo ulivuka bahari kwenda Kuba na watumwa, na wengi wao walitoka bonde la Kongo. Utumwa ulikomeshwa Kuba mwaka 1886, lakini mpaka leo kuna nyimbo za ibada kule zenye maneno ya Kikongo.

Kisha ukarudi, safari hii kwenye santuri. Kuanzia 1933 kampuni moja ya Uingereza ilileta Afrika mfululizo wa santuri za Kikuba zenye alama ya GV. Vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, waliziiga mpaka wakaimba Kihispania wasichokielewa. Piano hawakuwa nayo, basi zamu yake wakaipa gitaa. Kwangu mimi hapo ndipo rumba yetu ilipopata ulimi wake: mpiga gitaa akizunguka-zunguka kwenye sebene, ile sehemu ya kucheza ambapo gitaa linatawala, anafanya kazi ya mpiga piano wa Havana.

Katanga tulikuwa na njia yetu pia. Mwaka 1952, Jean Bosco Mwenda wa Bunkeya alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Jadotville, yaani Likasi. Alikuwa peke yake, akiimba Kiswahili, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikitembeza wimbo. Sikiliza kora halafu umsikilize Mwenda: gumba linafanya kazi ileile.

Ndiyo maana jina "muziki wa dunia", linalobandikwa muziki kama huu, huniudhi kidogo. Wenye kampuni za santuri walilikubaliana London mwaka 1987, kwa kuwa madukani hakukuwa na rafu ya kuweka vitu hivi.

Mama aliteremka karibu na soko. Bega lilitulia pale tu alipoliinua kapu.