Msamaha wa sifa kwa maafisa ununuzi wa jeshi: maana yake

Wanafunzi wa ununuzi na ugavi hapa Mwanza wakisoma sheria za nchi nyingine, kifungu kinachowakera upesi ni kile kinachosema afisa fulani hadaiwi shahada. Wao wanahangaika na mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, halafu wanaambiwa kwamba Marekani mtu anaweza kulinunulia jeshi bila digrii. Hasira hiyo naielewa, lakini kifungu chenyewe kinahitaji kusomwa taratibu.

Sharti la kawaida ni zito. Chini ya sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu watumishi wa ununuzi wa ulinzi, afisa anayesaini mikataba inayozidi kiwango cha ununuzi mdogo anatakiwa awe na shahada ya kwanza, awe amemaliza kozi za mikataba, na awe na uzoefu usiopungua miaka 2. Msamaha wa sifa ni ruhusa ya kisheria ya kumweka mtu kwenye nafasi hiyo ingawa hajatimiza sharti la elimu.

Baadhi ya misamaha haihitaji kuombwa. Aliyekuwa tayari kwenye kazi ya mikataba kufikia 30 Septemba 2000 hadaiwi shahada, kama nahodha aliyekuwa akivusha watu kwenda Ukerewe kabla ya kanuni mpya kutungwa. Waliomo kwenye kikosi cha ununuzi wa dharura, kinachofuata majeshi vitani, nao wamo humo.

Msamaha mwingine hutolewa kwa mtu mmoja mmoja, na huu ndio unaostahili kuangaliwa kwa makini. Mwenye mamlaka lazima athibitishe kwa maandishi kwamba mhusika, kwa utendaji na uzoefu wake, ana uwezo mkubwa wa kupanda hadi majukumu makubwa zaidi. Undugu au uhaba wa watu havimo kwenye kipimo hicho. Kwangu mimi, maandishi hayo ndiyo uhai wa kifungu: mkaguzi akifika miaka mitano baadaye, atamkuta aliyeamua na sababu aliyoitoa.

Jambo moja huchanganywa sana. Kusamehewa elimu si kusamehewa utaratibu. Afisa huyo bado anashindanisha wazabuni, na bado anakabidhiwa hati ya uteuzi inayotaja mipaka ya mamlaka yake. Akisaini mkataba nje ya mipaka hiyo, sahihi yake peke yake haiifungi serikali.