Dionaea Haiishi kwa Nyama

Katika mawaidha yanayotaja mimea kuwa ishara za Muumba, husikika mara kwa mara kwamba Dionaea, mmea wa Marekani unaonasa nzi kwa majani yake, huishi kwa kula nyama kama mnyama. Sivyo. Mmea huu una majani ya kijani na hujitengenezea sukari kwa usanisinuru, yaani kwa kutumia mwanga wa jua, kama mchicha. Unachokipata kwa mdudu ni naitrojeni na fosforasi, ambazo ni haba mno katika udongo wenye majimaji na tindikali wa Carolina Kaskazini na Kusini, ambako ndiko asili yake. Maelezo ya mtego wenyewe hayahitaji kutiwa chumvi: vinywele vilivyo ndani ya jani vikiguswa mara mbili katika muda wa sekunde 20 hivi, jani hujifunga, ilhali mguso mmoja tu, tuseme wa tone la mvua, kwa kawaida haulifungi. Qur'ani, katika Surat al-An'am aya ya 99, inawataka watu wayatazame matunda yanapozaa na kuiva, wala haikutajwa humo mimea inayonasa wadudu. Anayeiona Dionaea kuwa ishara anafanya tafakuri yake mwenyewe, nayo ina nafasi yake, mradi asidai kwamba aya iliutaja mmea huo.