Khyber 1897: Walinzi Walioachwa Ngomeni

Mwaka 1897 makabila ya Wapashtuni, watu wa milimani kati ya Afghanistan na India ya Waingereza (leo Pakistan), yaliasi utawala wa Uingereza. Mmoja wa viongozi wa maasi hayo Waingereza walimwita "fakiri mwendawazimu", fakiri kwa maana ya mtawa wa Kiislamu. Jina hilo limemganda. Wanafunzi wanaohudhuria mihadhara ya idara yetu ya historia bado huvieleza vita vile kana kwamba shehe mmoja aliamka akawapandisha watu mori. Mori ulikuwapo, ila kuni zilikuwa zimeshapangwa miaka minne.

Mwaka 1893 Mortimer Durand, mjumbe wa serikali ya Waingereza ya India, na Amiri Abdur Rahman, mtawala wa Afghanistan, walikubaliana mpaka uliopasua nchi ya Wapashtuni, na wenyeji hawakuulizwa. Mwaka 1895 majeshi ya Uingereza yakapita nchi hiyo kuelekea Chitral, kaskazini zaidi, yakiahidi kuwa hayakuja kutwaa ardhi ya mtu. Vita vikaisha, ngome zikabaki Malakand na Chakdara. Waafridi, kabila la Wapashtuni wa eneo la Khyber, nao walikuwa na lao: ushuru wa chumvi ya Kohat ulikuwa umepandishwa. Kazi ya mamullah, yaani viongozi wa dini, ilikuwa kuyakusanya makabila ambayo kwa kawaida hayaivi chungu kimoja.

Usiku wa 26 Julai 1897 Saidullah, ndiye huyo fakiri, aliivamia Malakand na watu wake. Tarehe 7 Agosti Wamohmand, kabila jingine la Wapashtuni, wakashambulia ngome ya Shabkadr. Kisha ikaja zamu ya Khyber, na hapa ndipo ninapoona uzito wa habari yote.

Tangu 1881 Waafridi walikuwa wakilipwa ruzuku kila mwaka ili njia ya Khyber, inayopita milimani kutoka Peshawar kwenda Afghanistan, ibaki wazi. Waliozilinda ngome zake, kikosi cha Khyber Rifles, walikuwa wengi wao Waafridi hao hao. Jeshi la kabila, lashkar (neno lenye undugu na "askari" wetu), lilipokaribia, afisa wao Mwingereza aliamriwa arudi Jamrud, ngome iliyo mlangoni mwa njia upande wa Peshawar. Peshawar palikuwa na maelfu ya wanajeshi, hawakutumwa. Ngome ya Ali Masjid iliangukia mikononi mwa waasi 23 Agosti. Ngome ya Landi Kotal ilishambuliwa kesho yake, walinzi wakapigana na jamaa zao wenyewe, ikaanguka tarehe 25. Aliyepokea mshahara alibaki ngomeni, aliyeutoa hakuonekana.

Huko Saragarhi, kituo kidogo cha jeshi kusini ya Khyber, tarehe 12 Septemba, Masingasinga 21 wa jeshi la Waingereza waliuawa wote. Habari zao zinajulikana sana, sitazirudia.

Oktoba Jenerali William Lockhart aliingia Tirah, nchi ya Waafridi na jirani zao Waorakzai, akiwa na wanajeshi wapatao 35,000. Vilele vya Dargai vilitekwa tarehe 18, vikaachwa, vikabidi vitekwe tena tarehe 20 kwa hasara ya karibu watu 200 waliouawa au kujeruhiwa. Waafridi hawakujipanga uwanjani kusubiri mizinga. Walijificha majabalini wakilenga wapagazi, vikosi vya nyuma na kambi za usiku. Waingereza wakajibu kwa kuchoma vijiji na kuharibu akiba za chakula majira ya baridi yakiingia. Desemba jeshi lilipoteremka kando ya mto Bara, lilifyatuliwa risasi njia nzima.

Mwaka 1898 Waafridi walikubali kulipa faini na kusalimisha bunduki. Lord Curzon, aliyekuwa gavana mkuu mpya wa India kuanzia 1899, akaondoa majeshi ya kawaida kutoka Khyber, akaikabidhi njia ile kwa Khyber Rifles: Waafridi, kwa mshahara.