Kuboresha muziki nyumbani Lamu: yanayosemwa barazani na ukweli wake

Mtu akisema anataka kuboresha muziki wa nyumbani kwake, ushauri wa kwanza atakaopewa barazani ni kununua amplifaya kubwa zaidi. Kwa nyumba ya mawe ya Lamu, hiyo ndiyo kazi ya mwisho. Chumba huharibu sauti kuliko amplifaya yoyote, na chumvi ya hewani huua vyombo kabla havijachakaa. Anayenunua kidogo kidogo, kitu kimoja kila baada ya miezi kadhaa, apange foleni yake hivi: mahali pa spika, viungio na waya, spika zenyewe, umeme, kisha amplifaya na kile kinachoilisha muziki. Haya ndiyo maneno yanayoivuruga foleni hiyo.

"Wati nyingi ndiyo sauti kubwa."

Ukizidisha wati maradufu, tuseme kutoka 50 hadi 100, unaongeza desibeli 3 tu, desibeli ikiwa ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti. Sikio litatambua, lakini hutaruka kitini. Ili muziki usikike kama umekuwa mkubwa mara mbili zahitajika karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi.

Spika ndiyo yenye neno. Katika karatasi zake huandikwa desibeli inazotoa kwa wati 1 ukiipima mita 1 mbele yake. Spika ya desibeli 90 ikilishwa wati 20 huenda sawa na ya desibeli 84 iliyolishwa wati 80. Kwa sebule ya hapa, wati 30 za kweli na spika ya 88 ni nyingi, hasa ukikumbuka kwamba ukuta wako ndio wa jirani.

Wati zisomwe nyuma ya chombo. Boksi lililobandikwa PMPO 8000 usoni, yaani wati za kutangazia biashara, huwa na kibati mgongoni kinachosema linakula wati 60 kwenye soketi. Chombo hakiwezi kutoa mfululizo zaidi ya kinachokiingia.

"Amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa."

Inaweza, na huanza na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Amplifaya ikiombwa zaidi ya uwezo wake, vichwa vya mawimbi hukatwa bapa. Ule mkato huzaa sauti za juu ambazo hazimo kwenye wimbo, nazo zote huenda kwenye twita ambayo waya wake ni mwembamba kama unywele na uwezo wake ni wati chache tu. Dalili ni sauti ya mwimbaji kuwa na ukwaru na matoazi kugeuka mchanga. Ukisikia hivyo, punguza papo hapo.

Kitufe cha sauti nacho hakisemi kitu kuhusu nguvu iliyobaki. Kikielekea saa sita juu, yaweza kuwa umetumia robo ya nguvu au umeimaliza yote, kutegemea ukubwa wa sauti inayotoka kwenye simu au CD.

"Spika ziwekwe popote zilipo na nafasi, bora ziwe nzuri."

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana kazi hii haina gharama na matokeo yake yanashinda ununuzi mwingi.

Chumba cha nyumba ya kale ni kirefu na chembamba kwa sababu upana wake ulikatwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Tuchukue chumba cha upana wa mita 2.7. Katika hewa ya joto la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo nusu ya wimbi la hezi 65, yaani la mitetemo 65 kwa sekunde, hukaa ukuta kwa ukuta bila kubakisha. Hiyo ni noti ya C ya chini kwenye gita la besi. Sasa watu wengi hupanga spika kwenye ukuta mrefu, wao wakakaa na mgongo kwenye ukuta wa mbele yake. Hapo noti ile huvimba kila ikipigwa, na nyingine za jirani yake hazivimbi. Mtu husema "besi imejaa", kumbe ni noti moja inayopiga kelele. Ukisogea katikati ya chumba, mita 1.35 kutoka kila ukuta, noti hiyohiyo karibu inapotea.

Dawa ni kuzigeuza spika zipige kwa urefu wa chumba. Ziweke kwenye ukuta mfupi, sentimita 55 kutoka kila ukuta wa pembeni, ili baina ya vitovu vyake ziwe mita 1.6. Kwa kuwa ziko sawasawa pande zote mbili na besi husikika kwenye zote kwa pamoja, zinalifuta lile wimbi la upana zenyewe. Zivute sentimita 50 mbele ya ukuta wa nyuma, kisha kaa umbali wa mita 1.7 hivi, twita ikiwa usawa wa sikio. Ukiona besi imekonda, rudisha spika nyuma sentimita 5 kwa 5, usikilize kila mara. Ukiona inavuma, zivute mbele. Weka alama ya utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni pale palipokubali, maana anayefagia kesho hajui hesabu zako.

Zidaka, vile vishimo vya kuwekea vitu ukutani, pia zimesingiziwa. Wapo wanaoona kidaka ni rafu iliyoumbwa kwa spika. Spika ndani ya shimo la chokaa hutoa sauti ya mtungi, na kama tundu lake la hewa liko nyuma, umeliziba. Lakini ukuta wa zidaka nyuma ya msikilizaji, wenye sahani, vitabu na vyano vya ukubwa tofauti, hutawanya sauti za kati na za juu vizuri mno. Studio hulipia mbao za kuchongwa ili zipate kazi hiyo.

Chokaa tupu hurudisha kila kitu. Piga kofi moja chumbani: ukisikia mlio unaotetemeka kama wa bati, sauti inacheza mpira kati ya kuta mbili. Mkeka peke yake hausaidii, ni mwembamba. Zulia zito, pazia lenye mikunjo, godoro la sentimita 10 lililosimamishwa nyuma ya mlango na mito ya sufi pembeni, hivyo ndivyo vinavyokula sauti. Sponji zenye umbo la trei ya mayai zinazouzwa kama dawa ya besi hazigusi besi. Zina unene wa sentimita 3, na wimbi la hezi 65 lina urefu wa mita 5 na zaidi.

Kwa Malindi, chini ya makuti yaliyo wazi pande tatu, mambo yanageuka. Hakuna mvumo kwa sababu besi inatoka zake nje. Hapo spika ya inchi 5 itasikika kama redio ya mkononi. Anza na wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 8 au zaidi na uisogeze karibu na ukuta ule mmoja uliopo.

"Plagi za dhahabu hutamkisha muziki vizuri."

Dhahabu haina sauti. Faida yake ni kwamba haishiki kutu, na kwa mji wa pwani hiyo si faida ndogo. Ila ikichomekwa kwenye soketi ya bati la bei rahisi, soketi ndiyo itakayooza, na tabaka la dhahabu nafuu hukwanguka baada ya kuchomekwa mara chache.

Adui mwenyewe ni chumvi. Vumbi lake likishatua kwenye kiungio, husubiri unyevu. Hewa ikipita unyevu wa asilimia 75, jambo la kawaida hapa usiku, chumvi huyeyuka yenyewe na kuwa maji machungu juu ya shaba. Kinachofuata ni ule ukungu wa kijani. Upande mmoja wa muziki unakufa, ukiigusa plagi unarudi, na mwenye nyumba anakwenda kununua amplifaya.

Kila miezi mitatu zima umeme, chomoa kila plagi, futa kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kutoka duka la dawa, acha ikauke dakika 10, kisha chomeka na kuzungusha kidogo. Spiriti yenye rangi au mafuta isitumike, huacha utando. Dawa ya kupulizia ya kulegeza nati pia si yake: hukata kutu leo, kesho inakusanya mchanga. Kitufe cha sauti kinachokwaruza kinahitaji dawa ya kusafishia viungio vya umeme, tone mbili ndani ya mwanya wake, ukizungusha mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30.

Moshi wa ubani ni mzuri, lakini si karibu na CD. Utando wake hukaa kwenye jicho la leza na diski huanza kuruka. Jicho hufutwa kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi ileile, bila kukandamiza.

"Kitambaa cha kufuma hulinda chombo na vumbi."

Kinalinda vumbi lisiingie na joto lisitoke. Kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme ndani ya amplifaya, hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 za joto linaloongezeka. Kifunike kikiwa kimezimwa na kimepoa. Kikiwaka, kiachiwe sentimita 10 za hewa juu, na kisikae ndani ya kidaka kilichoziba. Kagua matundu ya nyuma pia: sisimizi hupenda ile fukuto, na mjusi akiwafuata ndani ndiye anayeunguza fyuzi.

"Waya wa spika lazima uwe wa bei."

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, urefu wa mita 5, una ukinzani wa kama omu 0.12 kwenda na kurudi. Mbele ya spika ya omu 8 hicho si kitu. Cha kuangalia ni kama ni shaba kweli. Waya mwingi mwekundu na mweusi wa madukani ni alumini iliyopakwa shaba: kwaruza uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, ndiyo huo. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, na ncha zake zilizokatwa huliwa na hewa ya bahari upesi. Kata sentimita 2 za ncha zilizoingia weusi kila mwaka na uzisuke upya.

Chunga nyekundu kwenda nyekundu. Ukigeuza upande mmoja, spika moja inasukuma na nyingine inavuta, besi inayeyuka na mwimbaji hajulikani alipo. Kama alama zimefutika, tenganisha spika na amplifaya, gusa ncha zake na betri ya volti 1.5 kufumba na kufumbua: koni ya wufa ikitoka nje, upande uliogusa chanya ndio mwekundu.

"Vya zamani vilivyotoka ng'ambo ni imara, chomeka tu."

Vingi ni imara. Kuchomeka tu ndiko kunakoviua. Soma kibati kwanza: cha Japani ni volti 100, cha Marekani 120, na soketi yetu ni 240 kwa hezi 50. Kinahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa. Mashine ya kuchezea santuri yenye mota inayofuata hezi 60 haiponi hata kwa transfoma, itazunguka polepole kwa karibu asilimia 17 mpaka ibadilishwe puli ya mkanda.

Amplifaya iliyolala miaka iwashwe na fundi kupitia balbu ya uzi ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kisha ikafifia, salama. Ikibaki inang'aa, kuna kilichoshikana ndani. Kabla ya kufunga spika, fundi apime volti za umeme wa moja kwa moja (DC) kwenye matundu ya spika ya amplifaya, sauti ikiwa sifuri: chini ya milivolti 50 ni vizuri, zikipita 100 isifungwe spika.

Spika kuukuu zenye ukingo wa sponji huoza ukingo tu. Bonyeza kwa kidole: ukivunjika kama kashata, badilisha ukingo kwa vipimo vya inchi vya koni, usitupe spika. Ukingo wa mpira huvumilia pwani zaidi. Kasha la mbao za unga likifura pembeni kwa unyevu, halirudi; usilinunue.

"Inveta yoyote ya sola itaendesha muziki."

Inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, itaendesha, pamoja na mngurumo. Inveta ya bei nafuu hutoa wimbi la ngazi ngazi na transfoma ya amplifaya hulia nayo. Tafuta ya wimbi laini. Na mngurumo unaobaki hata kwenye umeme wa kawaida usiondolewe kwa kukata pini ya ardhi ya plagi. Ile pini ndiyo inayokuokoa chombo kikivujisha umeme. Chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja ya kupanua, mara nyingi mngurumo hunyamaza.

"Faili kubwa zaidi, muziki mzuri zaidi."

CD ya biti 16 na kilohezi 44.1 inafika mbali kuliko sikio la mtu mzima. Kanda ya harusi iliyorekodiwa na maikrofoni moja haitapata noti mpya kwa kuwekwa kwenye faili kubwa. Itapata mvumo wa kanda ulio wazi zaidi.

"Nimebadilisha, nimesikia tofauti."

Huenda ni ukubwa tu. Kinachosikika kikubwa kwa desibeli 1 hudhaniwa ni bora. Ukilinganisha amplifaya mbili, cheza mlio wa hezi 200 kutoka kwenye simu, pima volti za mkondo geu kwenye ncha za spika, ziwe sawa kwa zote mbili. Volti 2.00 dhidi ya 2.24 tayari ni ile desibeli 1. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, mwambie mwingine achomeke bila kukuonyesha ni kipi, na uzime pangaboi: peke yake linafunika zaidi ya tofauti nyingi zinazouzwa.