Galileo alipouchekea mwezi

Nafundisha historia ya sayansi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: uchawi uliishia wapi, sayansi ikaanzia wapi? Anayeuliza huwa keshajichorea mpaka: huku watu wa ramli na hirizi, kule watu wa vipimo. Mimi humpa kisa cha maji ya bahari.

Mwaka 1609 Johannes Kepler, mwanaastronomia Mjerumani, aliandika kwamba bahari hujaa na kupwa kwa sababu mwezi huyavuta maji. Kepler huyohuyo alikuwa akiwapigia wakubwa falaki. Mwaka 1632 Galileo akamshangaa: mtu mwenye akili kama ile amekubalije kwamba mwezi unayatawala maji kwa nguvu za siri? Utoto mtupu. Yeye alidai maji huyumba kwa sababu dunia yenyewe inakwenda, kama maji kwenye chombo kinachosukwasukwa. Taabu ni kwamba kwa hoja yake bahari ingejaa mara moja kwa siku. Baharia yeyote angemwambia ni mara mbili, tena bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Galileo akasingizia umbo la pwani na kina cha bahari.

Kwa hiyo aliyenusa uchawi ndiye aliyekosea. Newton alipoeleza mvuto wa mwezi na jua mwaka 1687, Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati Mjerumani, naye alikuja kumlaumu kwamba anarudisha nguvu za siri. (Newton, tusisahau, aliacha maandishi ya alkemia, ile elimu ya kale ya kutaka kugeuza madini kuwa dhahabu, yanayokadiriwa kufika maneno milioni moja.)

Hapo huwageukia Wazande, watu wa Afrika ya Kati, kama mwanaanthropolojia Mwingereza Evans-Pritchard alivyowaeleza mwaka 1937. Ghala likiwaangukia watu, Mzande anajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Anachouliza ni kwa nini limeanguka saa ileile, juu ya watu walewale. Swali hilo halina jibu kwa mchwa, na sayansi haijawahi kulitaka. Hujibu "bahati mbaya" na kupita. Mzande huyo wa Evans-Pritchard hupiga bao kwa kumpa kuku sumu ya benge: kuku akifa au akipona, hilo ndilo jibu. Majibu yakipingana, husema sumu imeharibika au mwiko umevunjwa. Wanafunzi hucheka. Nawauliza Galileo alifanya nini tofauti, kicheko kinakatika.

Kusingizia si dhambi. Sayari ya Uranus ilipokuwa ikiacha njia iliyotabiriwa, hakuna aliyemtupa Newton. Le Verrier, mwanaastronomia Mfaransa, alisema iko sayari nyingine isiyoonekana inayoivuta, jambo ambalo ukilisikia bila hesabu ni kama habari ya jini. Lakini alitaja na mahali pa kuitafuta. Barua yake ilimfikia mwanaastronomia Galle huko Berlin tarehe 23 Septemba 1846, na usiku uleule Neptune ikaonekana, pungufu ya nyuzi moja kutoka pale alipopataja. Kwangu mimi uzito wote uko hapo: kisingizio kilichokubali kuumbuliwa.

Mwaka 1859 Le Verrier akakirudia kisingizio hicho kwa sayari ya Zebaki, iliyokuwa nayo ikikengeuka kidogo. Sayari ya kuivuta ikapewa jina kabisa, Vulcan. Watu wakaiwinda jua lilipopatwa, wapo walioapa wameiona, hadi Einstein alipoieleza njia ya Zebaki mwaka 1915 bila kuhitaji sayari ya ziada.