Baiskeli ya kwanza ukubwani: hela kidogo iende wapi

Chukua baiskeli mbili zenye bei moja. Ya kwanza ina shokapu mbele na nyuma, gia 21 na breki za diski. Ya pili haina shokapu, ina gia saba na breki zinazobana rimu. Anayeanza huvutwa na ya kwanza kwa kuwa imesheheni. Lakini bei ni ileile, na hivyo vya ziada vimelipiwa kwa kupunguza mahali pengine: grisi ya beringi, chuma cha ekseli, ubora wa spoku na rimu. Visivyoonekana ndivyo hukatwa kwanza, na ndivyo vinavyoamua kama baiskeli itatembea au itaegemea ukutani. Mimi ningechukua ya pili bila kusita.

Ila kuna kitu kimoja ambacho fundi hawezi kukurekebishia ukishanunua, nacho ni ukubwa wa fremu. Simama peku, mgongo ukutani, miguu ikiwa imeachana kama sentimita 15. Bana kitabu chenye jalada gumu kati ya mapaja, mgongo wa kitabu uwe juu, kipandishe mpaka kiguse msamba, kisha pima kutoka ukingo huo wa juu hadi sakafuni. Andika namba hiyo, utaitumia mara mbili.

Kwanza, ukisimama na bomba la juu la fremu likiwa katikati ya miguu, liwe chini ya msamba kwa angalau sentimita 5. Anayejifunza hushuka ghafla, tena hushukia mbele ya kiti, na bomba lililo juu mno humwadhibu palepale. Fremu ambayo bomba lake limeshushwa, ile ya kupitisha mguu katikati, ni rafiki mkubwa wa mwanafunzi wa jinsia yoyote. Watakaokwambia ni ya kike waache wamalize kusema, kisha uipande.

Pili, urefu wa kiti. Hapa ndipo watu wazima wengi hukosea, kwa sababu kiti kina vipimo viwili na wao hununua kwa kufuata kimoja tu. Cha kujifunzia: ukikaa, nyayo zote mbili zikanyage chini vizuri. Cha kuendeshea: zidisha ile namba yako kwa 0.883, upate umbali kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedali, pale chini ya fremu, hadi juu ya kiti. Mwenye mguu wa sentimita 78 atapata karibu 69. Kama huna rula, kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Goti linyooke bila nyonga kuyumba. Kati ya vipimo hivi viwili panaweza kuwa na sentimita 15 au zaidi. Aliyechagua fremu ambayo anakanyaga chini kwa raha, na nguzo ya kiti haipandi zaidi, baada ya wiki chache ataanza kulalamika magoti. Kwa hiyo shusha na pandisha kiti hukohuko unakonunua. Kifike chini kwa kujifunzia, na kifike juu bila kupita alama ya kikomo iliyochongwa kwenye nguzo. Ukiipita, fremu inaweza kupasuka kwenye shingo ya kiti.

Sasa magurudumu. Nenda na sumaku ndogo. Ikinasa kwenye rimu, rimu ni ya chuma. Isiponasa, ni ya alumini. Kwa breki zinazobana rimu jambo hili ni kubwa: rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa, breki huteleza na umbali wa kusimama huongezeka vibaya. Alumini iliyolowa hushika vizuri zaidi, na pia ni nyepesi.

Kisha soma ubavuni mwa tairi. Usitosheke na “inchi 28” au “26”, kwa maana majina hayo yanabeba saizi zaidi ya moja. Tafuta namba mbili zenye kistari, kwa mfano 40-622: ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. 622 na 559 zina tairi za kuchagua kwa wingi. 635 ni ya zile baiskeli ndefu za zamani, na tairi lake haliingii kwenye rimu ya 622 hata zote zikiitwa 28. Kabla ya kulipa, hakikisha saizi hiyo inapatikana unakoishi.

Upana wa milimita 40 hadi 50 unamfaa mno anayeanza. Tairi la namna hiyo, likijazwa upepo ndani ya kiwango kilichoandikwa ubavuni, hufanya kazi ambayo shokapu ya bei ya chini hudai kuifanya. Shokapu hiyo ya mbele huwa na kilo kama 2.5, wakati uma wa chuma wa kawaida, yaani mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, ni kama kilo 1. Ndani yake mara nyingi ni springi tu, isiyo na cha kupunguza mrudio, kwa hiyo kila ukikanyaga kwa nguvu mlimani sehemu ya jasho lako inaishia kubonyeza springi.

Gia 21 ni sproketi tatu mbele mara saba nyuma, na nyingi kati ya hizo zinarudia mwendo uleule. Sproketi moja mbele yenye meno 38, na saba nyuma kuanzia meno 14 hadi 34, zinatosha kabisa. Kwenye gurudumu la 622, gia nyepesi itakusogeza kama mita 2.5 kwa kila mzunguko wa pedali, na nzito karibu mita 6. Mkono wa kushoto unabaki na kazi moja tu, breki. Kama njia zako ni tambarare, hata isiyo na gia ni sawa.

Kwa mtu mwenye mwili mkubwa kuna ukaguzi mmoja zaidi. Angalia katikati ya sproketi za nyuma, pale panapoingia kifaa cha kufungulia, kisha zizungushe kinyumenyume. Pale katikati pakizunguka pamoja na meno, beringi ya kulia iko karibu na ukingo wa fremu na ekseli imeshikwa vizuri. Pakibaki palipo, sproketi zimefungwa kwa kuskrubiwa juu ya habu, kile kitovu cha gurudumu. Beringi imeachwa ndani, na kipande kirefu cha ekseli kinabeba mzigo bila msaada. Ekseli za namna hiyo hupinda, hasa zenye sproketi saba.

Breki za diski za waya kwenye baiskeli rahisi sizipendekezi. Husugua na kupiga kelele, na kuziweka sawa kunataka mkono uliozoea. Breki za mikono miwili mirefu zinazobana rimu ya alumini ni rahisi kurekebisha, na mipira yake unabadilisha mwenyewe.

Baiskeli ya mtumba mara nyingi ndiyo hela iliyotumika vizuri, mradi uikague bila haraka. Bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma: mgongano unaosikika shingoni, pale uma unapoingia kwenye fremu, ni beringi iliyolegea. Inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani taratibu. Ukinasa katikati, beringi imekwisha. Shika mikono ya pedali uitikise kwenda kando; isicheze. Zungusha kila gurudumu ukitazama nafasi kati ya rimu na mpira wa breki: yumbo la milimita 2 fundi hulinyoosha kwa spoku, lakini rimu iliyobonyea iache. Pitisha kidole chini ya mabomba nyuma ya shingo; rangi iliyokunjamana hapo ni dalili ya kugongwa kwa mbele. Jaribu kuchomoa nguzo ya kiti pia, kwa kuwa alumini iliyogandana na fremu ya chuma huwa vita. Namba iliyogongwa chini ya fremu ikiwa imekwanguliwa, ondoka.

Mnyororo upimwe kwa rula. Anza katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24 za pini. Mpya ni milimita 304.8. Ukifika 306.5 panga kuubadilisha. Ukifika 308 sproketi nazo huwa zimelika, na mnyororo mpya utaruka juu yake.

Mpya nayo ina makosa yake, mengi yakiwa ya aliyeiunganisha. La kushangaza zaidi ni uma uliofungwa kinyume, breki ya mbele ikitazama nyuma. Lingine ni pedali: ya kushoto ina uzi wa skrubu wa kinyume, na ikilazimishwa upande wa kulia inakula uzi wa alumini mpaka ing'oke ukiwa barabarani. Herufi L na R zimechongwa kwenye ncha za ekseli zake.

Usimalize bajeti yote kwenye baiskeli. Tenga kama robo kwa pampu, kofia ngumu, kufuli, taa na spana ya milimita 15. Spana hiyo ndiyo ya kufungulia pedali zote mbili wakati wa kujifunza, ili ujisukume kwa miguu kwenye mteremko mdogo hadi mizani ikae. Kumbuka ya kushoto hufunguka kwa kuizungusha upande wa saa.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, rudi kwa fundi. Waya zitakuwa zimelegea na spoku zimejipanga upya. Mwambie akaze hasa mkono wa pedali wa kushoto. Ukianza kucheza nawe ukaendelea kukanyaga, tundu lake la mraba hupanuka, na likishapanuka hakuna kukaza kutakaloushika tena. Utanunua mkono mwingine.