Je, wajua kwa nini mchimbaji wa Bitcoin haibi?

Ukituma pesa kwa simu, daftari linaloonyesha nani ana kiasi gani liko kwa kampuni moja yenye leseni, na ofisi yake unaijua. Daftari la Bitcoin, sarafu ya kidijitali, limekuwa likiandikwa na wachimbaji tangu Januari 3, 2009. Hao ni watu na makampuni waliotapakaa duniani, na hakuna aliyepeleleza tabia zao kabla hawajashika kalamu. Mbona basi hawajiandikii mabilioni?

Hawawezi, kwa sababu hakuna anayewaamini. Bloku ni kama ukurasa mmoja wa daftari, na kila inapotoka hukaguliwa na maelfu ya kompyuta ziitwazo nodi. Nodi haina haja ya kujua nani kaichimba. Inaangalia saini ya kila muamala, kama sarafu zinazotumwa zipo na hazijatumika, na kama zawadi aliyojipa mchimbaji haizidi kiwango. Tangu Aprili 2024 kiwango hicho ni bitcoin 3.125 kwa bloku, ukiongeza ada za miamala. Akijizidishia hata chembe, bloku nzima hutupwa.

Asiyekusudia wizi naye haponi. Septemba 2023 kampuni ya uchimbaji ya Marathon Digital ya Marekani ilitoa bloku yenye kosa la mpangilio tu: muamala mmoja uliwekwa mbele ya mwingine, ilhali ulipaswa kuwa nyuma yake. Nodi ziliikataa, na zawadi, wakati huo bitcoin 6.25, ikapotea.

Kupotea kwake kunauma kwa kuwa gharama hulipwa mapema. Mchimbaji huchukua kichwa cha bloku chenye baiti 80, akakipitisha mara mbili kwenye hesabu ya SHA-256, na kurudia kwa kubadili namba ndogo ndani yake mpaka jibu liwe chini ya kikomo kilichowekwa. Hakuna njia ya mkato, ni kubahatisha matrilioni ya mara kwa sekunde. Kila baada ya bloku 2,016 mtandao hupima kasi na kurekebisha ugumu ili bloku ziendelee kutoka kila dakika 10 hivi. Umeme ukishatumika haurudi, bloku iwe halali au batili. Hata ikikubaliwa, zawadi haigusiki mpaka mnyororo, yaani bloku zote zilizofuatana, urefuke kwa bloku 100 hivi, kama saa 17.

Kuna wizi mmoja, hata hivyo, ambao ukaguzi wa nodi hauuoni: kurudisha malipo yako mwenyewe. Mwizi hupeleka sarafu zake kwenye soko la kubadilishia. Papo hapo, kwa siri, anachimba mnyororo mwingine ambamo sarafu zilezile anajitumia mwenyewe. Soko likithibitisha malipo, anazibadilisha kwa sarafu ya aina nyingine na kuitoa. Kisha anautoa hadharani mnyororo wake. Kama umebeba kazi nyingi kuliko ule wa wengine, nodi zote zinauhamia, kwa maana kanuni ndiyo inavyosema, na malipo kwa soko yanafutika. Kila saini ni halali, kila hesabu ni sahihi.

Ndiyo maana mpokeaji hushauriwa kungoja uthibitisho, yaani bloku zinazorundikana juu ya muamala wake. Satoshi Nakamoto, muasisi wa Bitcoin, alipiga hesabu hii katika andiko lake la 2008. Mwizi mwenye asilimia 10 ya nguvu zote za uchimbaji ana nafasi ya takriban asilimia 0.02 ya kushinda ukingoja bloku 6. Mwenye asilimia 30 anahitaji kungojewa bloku 24, karibu saa 4, ili nafasi yake ishuke chini ya asilimia 0.1. Mwenye asilimia 45, bloku 340. Akivuka 50 hakuna idadi ya bloku itakayokuokoa.

Hapo ndipo sarafu ndogo zinapoumia. Mei 2018 Bitcoin Gold ilishambuliwa hivyo, na sarafu zipatazo 388,000 zikatumika mara mbili. Agosti 2020 Ethereum Classic ilishambuliwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Shambulio la kwanza lilibadili zaidi ya bloku 3,000. Sababu ni ya kibiashara kabisa: kadi za grafiki zilizochimba Ethereum, sarafu kubwa, ziliweza kuchimba pia Ethereum Classic, na nguvu zake zilikodishwa kwa saa kama unavyokodi gari. Anayekodi hana cha kupoteza sarafu ikiporomoka.

Kwenye Bitcoin mambo ni tofauti. Mashine zake, ASIC, zinajua SHA-256 tu. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Congo, makontena ya mashine hizo yaliwekwa kutumia umeme wa maji wa Luviro. Shambulio likiangusha bei ya bitcoin, mashine za namna hiyo hubaki chuma chakavu, za mshambuliaji zikiwemo. Kwa maoni yetu huo mtaji uliofungwa ndio unaolinda zaidi, kuliko wingi wa nguvu wenyewe.

Ulinzi huu una nyufa. Mwaka 2013 Ittay Eyal na Emin Gün Sirer wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba anayemiliki theluthi moja ya nguvu, pengine hata pungufu, anaweza kuficha bloku zake na kuzitoa kwa wakati anaouchagua, akapata zaidi ya mgao wake huku wenzake wakichoma umeme bure. Wachimbaji pia hujiunga katika makundi, na msimamizi wa kundi ndiye huchagua miamala ya kuingia katika bloku. Juni 2014 kundi la GHash.io lilivuka nusu ya nguvu zote kwa muda. Wanachama walianza kuhama, na kundi likaahidi kutovuka asilimia 40. Hakukuwa na kanuni ya programu iliyolilazimisha.

Ndani ya kundi, je, mwanachama aliyepata bloku anaweza kutoroka nayo? La. Anwani ya kupokea zawadi imo ndani ya data iliyopigiwa hesabu. Akiibadilisha, jibu lote linaharibika na kazi inaanza upya.

Kwa anayepokea malipo: muamala usio na uthibitisho hata mmoja usitolewe bidhaa isiyorudishika. Kwa kiasi kikubwa cha bitcoin ngoja bloku 6, kama saa nzima. Sarafu ikiwa ndogo, uliza kwanza kama mashine zake zinachimba pia sarafu kubwa zaidi. Jibu likiwa ndiyo, 6 hazitoshi.